Shajara ya mradi: nundu, mwanya na pengo

Tunachojenga ni seti ya kufundishia inayoingia kwenye sanduku moja: vielelezo vya plasta vya meno ya watu wazima waliojitolea, nakala za visukuku vichache vya Afrika Mashariki, na karatasi ya kupimia iliyoandikwa kwa Kiswahili. Kila kielelezo kina namba, hakina jina. Seti hii haitumiki kusema lolote kuhusu kabila au jamii fulani, kwa sababu waliojitolea hawakuchaguliwa kwa utaratibu wa sampuli. Hesabu zote zilizomo humu ni za zoezi.

Wiki ya 1. Sifa zipi zipimwe

Tunafuata ASUDAS, mfumo wa kupima maumbo ya meno wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, uliochapishwa mwaka 1991 na Turner, Nichol na Scott. Ndani yake kila sifa ina madaraja, kuanzia 0 (haipo) na kupanda, pamoja na vibao vya plasta vya kulinganishia. Mfumo mzima ni mrefu kuliko uwezo wa darasa, kwa hiyo tumeupunguza kwa kufuata kazi ya mtafiti wa meno Joel Irish ya mwaka 1997, iliyotaja sifa 11 zinazoyapambanua meno ya watu wa kusini mwa Sahara.

Sifa 9 kati ya hizo huonekana kwa wingi: ukingo wa mbele uliovimba kwenye chonge ya juu, nundu ya Carabelli (kijilima cha ziada upande wa ulimi) kwenye gego la kwanza la juu, mifereji ya umbo la Y kwenye gego la pili la chini, nundu ya saba (nayo ya ziada, upande wa ulimi) kwenye gego la kwanza la chini, kuwepo kwa gego la tatu la juu, mizizi miwili ya gego dogo la kwanza la juu, mizizi mitatu ya gego la pili la juu, mizizi miwili ya gego la pili la chini, na mzizi wa Tomes, yaani mzizi wa gego dogo la kwanza la chini uliochimbika mfereji mrefu. Mbili ni nadra: umbo la chepe (kingo za pembeni zilizoinuka) la pande mbili kwenye jino la mbele la juu, na enameli inayoshuka kama ulimi kuelekea mizizi ya gego la kwanza la juu.

Hapo hapo orodha imekatika. Plasta haionyeshi mizizi, hivyo sifa 4 zimeondoka bila mjadala. Enameli inayoshuka hufunikwa na ufizi kwa mtu aliye hai, nayo imeondoka. Gego la tatu lisiloonekana mdomoni huenda halijaota, huenda limeng'olewa, huenda halikuwahi kuwepo, na bila picha ya eksirei hakuna anayejua. Zimebaki 5 za kutegemewa: chonge, Carabelli, Y, nundu ya saba na chepe la pande mbili. Anayefanya kazi kwenye mafuvu yaliyofukuliwa ana bahati zaidi, kwani hata jino likiwa limedondoka, tundu lake kwenye taya bado linaonyesha idadi ya mizizi.

Wanafunzi wote huuliza kuhusu umbo la chepe la upande wa ulimi, kwa kuwa ndilo vitabu vinalolipenda. Sifa hiyo ina nguvu Asia ya Mashariki na Amerika ya wenyeji wa asili, na inahusishwa na badiliko moja la jeni ya EDAR ambalo pia hunenepesha unywele. Badiliko hilo karibu halipo Afrika. Umbo hilo tutalipima, ila hapa kwetu halitatenganisha kitu.

Wiki ya 2 na ya 3. Chapa na plasta

Vielelezo 12 vya kwanza vimemwagwa, 5 vimetupwa. Makosa ni yale yale, na kila moja lina chanzo chake.

Alginati, unga unaochanganywa na maji ili kuchukua chapa ya meno, huganda haraka maji yakiwa ya moto, na maji ya bomba ya pwani mchana ni ya uvuguvugu. Tumeanza kutumia maji yaliyokaa kwenye jokofu na kuchanganywa hadi nyuzi 20 hivi. Chapa hutolewa mdomoni kwa mvuto mmoja wa ghafla. Ukiichezesha kushoto na kulia inachanika kwenye kingo za upande wa ulimi, mahali nundu ya saba inapokaa.

Baada ya kutolewa, chapa huoshwa kwa maji yanayotiririka mpaka mate na ukoga uliobanduka vitoke, kisha hunyunyiziwa jiki. Jiki ya dukani yenye 3.5% ikichanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji inatoa 0.5%. Chapa hukaa dakika 10 ndani ya mfuko uliofungwa, huoshwa tena na kumwagwa plasta papo hapo. Alginati ikiachwa wazi hukauka na kunywea. Ikilowekwa majini hufura. Vyote viwili hubadilisha ukubwa wa jino. Ikibidi kusubiri, ni ndani ya mfuko wenye karatasi laini yenye unyevu, na si zaidi ya dakika 15.

Plasta ni ile ngumu ya meno ya aina ya tatu, ml 30 za maji kwa g 100 za unga. Taya moja hula kama g 120, kwa hiyo ml 36. Unga huingia kwenye maji, si maji kwenye unga. Acha uloe sekunde 30, koroga dakika moja, gonga bakuli mezani mpaka mapovu yapande juu. Mimina kidogo kidogo ukianzia nyuma ya gego la mwisho la upande mmoja, ukigonga trei ili plasta itambae yenyewe kutoka jino hadi jino. Ukiimwaga katikati kwa mkupuo, hewa inanaswa kwenye ncha za magego. Subiri dakika 45 hadi 60 kisha tenganisha. Vielelezo 2 vilivyolala usiku kucha ndani ya alginati vimetoka na uso wa chaki, vinaporomoka vikiguswa na kucha.

Povu ndilo adui mwenye hila kuliko wote. Likiwa ndani ya alginati, plasta hulijaza, na kielelezo kinapata kijidonge. Kijidonge hicho kikikaa kati ya nundu ya pili na ya nne upande wa ulimi wa gego la chini, mpimaji anaandika "nundu ya saba". Povu likiwa ndani ya plasta yenyewe, kinatokea kishimo. Kikiangukia kwenye pembe ya mbele ya gego la kwanza la juu, upande wa ulimi, kinasomwa kama Carabelli daraja la 2, kwa kuwa daraja la 2 ni kishimo. Namna ya kuvitambua ni kutumia lenzi ya 10× na taa iliyolazwa pembeni. Kijidonge cha povu ni mviringo kamili, kimekaa juu ya uso bila mfereji kukizunguka. Nundu ya kweli ina mfereji unaoitenga na jirani zake, na mteremko wake unaungana na jino. Kishimo cha povu kina mdomo mkali kama kimekatwa kwa sindano. Kishimo cha kweli kina midomo iliyolegea, na mara nyingi kina mwenzake kwenye gego la upande wa pili wa mdomo.

Kwa hiyo kuna kanuni mpya: kila kielelezo kimwagwe kutoka chapa mbili. Sifa inayoonekana kwenye kimoja tu inarudishwa mezani.

Kwa kumbukumbu ya wapimaji, madaraja ya Carabelli yamebandikwa ukutani: 0 uso laini, 1 mfereji, 2 kishimo, 3 alama ndogo ya Y, 4 alama kubwa ya Y, 5 nundu ndogo isiyo na ncha huru, 6 nundu ya wastani inayogusa mfereji wa kati wa upande wa ulimi, ncha yake bado imeshikana na jino, 7 nundu kubwa yenye ncha huru. Katika hesabu ya ipo au haipo tunakata kwenye 2, yaani daraja la 2 na kuendelea ni ipo, kama alivyofanya Irish. Nundu ya saba nayo inakatwa kwenye 2.

Wiki ya 4. Mwanya si pengo

Karatasi ya kwanza ya kupimia ilikuwa na kisanduku kimoja cha "nafasi kati ya meno". Kisanduku hicho kimefutwa. Kiswahili tayari kimetenganisha mambo haya, na ingekuwa aibu karatasi yetu kuyachanganya. Mwanya ni nafasi ya asili kati ya meno mawili ya mbele. Huhesabiwa kuanzia mm 0.5 kwa kipimo cha vanya, na ni sifa ya kurithi inayostahili kupimwa. Pengo ni mahali palipokuwa na jino likatoka. Visanduku sasa ni vinne: mwanya, pengo, jino lililochongwa, jino lililoharibiwa likiwa changa.

Vitatu vya mwisho vina sababu. Wajaluo kwa mila waling'oa meno sita ya mbele ya chini, na Wamasai mawili ya katikati. Hasara kwenye orodha yetu ni ndogo, maana sifa nyingi za ASUDAS ziko kwenye meno ya mbele ya juu na magego. Lakini meno ya juu yakikosa wenzao wa chini hushuka na kuegemea mbele, na mwanya wa juu unapanuka bila kuwa wa kuzaliwa. Mwanya wa mtu mwenye pengo la namna hiyo hauandikwi. Meno yaliyochongwa kuwa na ncha, kama ilivyokuwa mila ya Wamakonde, hayasomeki umbo la chepe hata kidogo, kwa sababu kingo zenyewe ndizo zilizoondolewa.

Jambo linaloleta hasara kubwa zaidi ni lile linaloitwa "meno ya plastiki": kuchokoa chonge za mtoto mchanga kabla hazijaota, kwa imani kwamba ndizo zinazoleta homa na kuhara. Chini ya chonge ya utotoni kuna chembe ya chonge ya ukubwani. Ikiguswa, chonge ya kudumu huota imepinda, ina enameli yenye mashimo, au haioti kabisa. Na chonge ya juu ndiyo inayobeba ukingo wa mbele, sifa inayoongoza kwenye orodha ya Irish. Chonge yoyote yenye umbo lisilolingana na ya upande wa pili inaachwa wazi kwenye karatasi.

Maji nayo yana mchango wake. Kuzunguka Mlima Meru, maji mengi yana floridi kuzidi mg 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia hayazuii kupima. Kuchimbika ndiko kunakozuia. Enameli iliyojaa floridi hutoka mdomoni ikiwa na vitundu vidogo chini ya uso, kisha hubanduka vipande vipande kwa kutafuna. Alama hizo hufanana na vishimo vya Carabelli na huifuta mistari ya ukuaji. Kipimo cha haraka ni kuangalia jino zima: floridi hushambulia meno ya pande zote mbili na nyuso zote, ilhali Carabelli ina mahali pamoja tu.

Wiki ya 5. Nakala za visukuku

Zimefika nakala za taya nne. Ya kwanza ni ya juu ya OH 5, fuvu aliloliona Mary Leakey pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Fuvu lenyewe liko Dar es Salaam. Ya pili ni taya ya chini ya Peninj, karibu na Ziwa Natron, aliyoipata Kamoya Kimeu mwaka 1964, ya spishi ile ile, Paranthropus boisei. Ya tatu ni LH 4 ya Laetoli, taya iliyotumiwa kuitambulisha spishi ya Australopithecus afarensis mwaka 1978. Ya nne ni ya kijana wa Nariokotome, KNM-WT 15000, pia kutoka kwa Kimeu, mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana.

OH 5 inafundisha jambo moja kwa nguvu, nalo ni kutokuamini macho. Magego yake yana eneo la kutafunia linalozidi mara mbili ya yetu, enameli nene, na meno ya mbele yaliyokuwa madogo kiasi cha kuchekesha. Waliomwangalia walimbatiza mvunja-karanga. Kisha mikwaruzo ya enameli ya spishi yake ikachunguzwa kwa darubini, na haikuonyesha alama za kuvunja vitu vigumu. Kaboni ya enameli ikapimwa pia: van der Merwe, Masao na Bamford mwaka 2008 kwa meno ya Tanzania, Cerling na wenzake mwaka 2011 kwa ya Kenya. Ikaonyesha kwamba chakula chake kwa sehemu kubwa kilikuwa mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Umbo la jino linasema mwili uliandaliwa kwa kazi gani. Mikwaruzo inasema kilicholiwa siku za mwisho. Kaboni inasema kilicholiwa enameli ilipokuwa inajengwa. Mpimaji anayeandika "alikula karanga" kwa kutazama plasta anakatwa alama.

Nakala ya Nariokotome tumeiweka kwa sababu ya umri. Mifupa yake, ukiisoma kwa viwango vya watoto wa leo, inakupa mvulana wa miaka 12 au 13. Mistari ya ukuaji ndani ya meno inakupa kama 8. Mistari hiyo hupanda kwenye uso wa taji kama pete za mti, na kila mmoja huchukua idadi maalumu ya siku, kati ya 6 na 12 kwa binadamu, mara nyingi 8 au 9. Idadi hiyo haibadiliki kwa mtu mmoja, ila hutofautiana kati ya watu. Ndipo penye kosa kubwa la mahesabu: mistari 120 kwa siku 8 ni siku 960, kwa siku 7 ni 840, kwa siku 9 ni 1,080. Kati ya 7 na 9 kuna miezi 8. Bila kukata jino na kuhesabu alama za kila siku katikati ya mistari miwili, jibu ni makisio. Na nakala ya plasta haionyeshi mistari kabisa. Zinahitajika chapa ya silikoni nyepesi na resini ya epoksi. Plasta hapa ni kwa umbo tu, na kibandiko cha kusema hivyo kimewekwa kwenye kila nakala.

Kuna onyo jingine kwenye karatasi ya visukuku. Sifa kadhaa zilizo nyingi kusini mwa Sahara, hasa zile zinazolipa jino umbo lenye mambo mengi, zipo pia kwenye meno ya Afrika ya zamani sana. Irish na Guatelli-Steinberg walilinganisha sampuli hizo mwaka 2003. Wapo watakaosoma hapo kwamba Waafrika ni "wa kale". Hesabu inasema kinyume cha dhihaka hiyo: hizi ni sifa za babu wa wote, zilizobaki kwa wingi pale safari ilipoanzia, na kupungua kwa makundi madogo yaliyotoka nje.

Wiki ya 6. Kupima mara mbili, kisha hesabu

Wapimaji wawili wamepitia vielelezo vyote, na kila mmoja amerudia bila kuona karatasi yake ya kwanza. Ugomvi mwingi uko kwenye madaraja ya chini: Carabelli 1 au 2, nundu ya saba 1 au 2. Hapo ndipo mpaka wa ipo na haipo ulipo, kwa hiyo kosa dogo la jicho linageuka kosa kamili la hesabu. Tumekubaliana kwamba kielelezo chenye utata kinawekwa kando ya kibao cha kulinganishia, chini ya taa ile ile, na hakipimwi kwa kumbukumbu ya kichwa.

Upande wa kushoto na wa kulia: mtu mmoja ana kura moja, na huhesabiwa upande wenye daraja la juu.

Kosa lililokula siku nzima lilikuwa la kompyuta. Jino lililosagika au lililozibwa linaandikwa kistari, maana yake halisomeki. Jedwali lilikuwa linageuza vistari kuwa sifuri. Watu 16 wenye nundu ya saba kati ya 40 wanaosomeka ni 40%. Ukiongeza wasiosomeka 10 kama sifuri, unapata 16 kati ya 50, yaani 32%. Kwenye meno ya kufukuliwa hali ni mbaya zaidi. Gego la kwanza huota karibu na miaka 6, la pili karibu na 12, kwa hiyo la kwanza husagika mapema, na nundu ya saba iliyo kwenye ukingo wa juu hupotea kabla ya Carabelli iliyo ubavuni. Jamii iliyokula unga wa kusagwa kwa jiwe itaonekana haina nundu ya saba kwa sababu ya mchanga tu.

Umbali kati ya makundi unapimwa kwa njia ya C. A. B. Smith, yenye ubadilishaji wa Freeman na Tukey kwa sampuli ndogo. Kwa kila sifa, asilimia hugeuzwa kuwa pembe, tofauti ya pembe hupigwa kipeo cha pili, kisha hutolewa 1/(n+0.5) ya kila kundi (n ni idadi ya watu wanaosomeka), matokeo ya sifa zote hugawanywa kwa idadi ya sifa. Mfano wa zoezi kwa sifa moja: kundi A 16 kati ya 40, kundi B 3 kati ya 30. Pembe ni 0.196 na 0.887, kipeo cha pili cha tofauti ni 0.477, makato ni 0.057, kinabaki 0.42. Sasa makundi madogo yenye asilimia karibu zile zile, 5 kati ya 12 na 1 kati ya 9: pembe 0.155 na 0.785, kipeo cha pili 0.397, makato 0.185, kinabaki 0.21. Nusu. Sifa ambayo makundi hayatofautiani hata kidogo hutoa namba hasi, nayo isifutwe, iingie kwenye jumla kama ilivyo. Tofauti inakubaliwa ikiwa umbali unazidi mara mbili ya mkengeuko wake sanifu.

Sifa 5 ni chache mno kwa umbali wa maana. Rathmann na Reyes-Centeno walionyesha mwaka 2020 kwamba mchanganyiko wa sifa ndio unaofuata undugu wa vinasaba, na kwamba michanganyiko haina nguvu sawa.

Sehemu ya pwani imeingizwa kama swali la darasani. Utafiti wa DNA uliochapishwa Machi 2023 kwa watu 80 wa miji ya kale, ikiwemo Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, uliona wanawake wa asili ya Afrika na wanaume wa asili ya Uajemi wakichanganyika kuanzia karibu mwaka 1000. Meno peke yake yangeonyesha kundi lililo katikati, bila kusema upande upi ulikuwa wa mama. Kuna jambo la vitendo pia: kutoa DNA kwenye jino ni kulitoboa au kulisaga. Chapa ya silikoni, picha ya pande tano na daraja la kila sifa huchukuliwa kabla, kwa kuwa baada ya hapo hakuna cha kurudia.

Zilizobaki

Kielelezo namba 7: chapa zote mbili zimechanika gego la kwanza la chini kulia, zichukuliwe upya. Namba 11: kijidonge au nundu ya saba daraja la 1? Wapimaji hawajakubaliana, kimeandikwa kistari mpaka chapa ya tatu. Kibao cha chonge kimepasuka ukingo wa mbele, na ndio ukingo unaopimwa. Kisitumike hadi kije kingine. Plasta iliyobaki ni kilo 2, mfuko ulikuwa wazi, na unga uliovuta unyevu haugandi kwa muda wake wa kawaida: jaribu g 50 kwanza kabla ya kumwaga taya yoyote.